Muulize Fundi wa Dizeli: Trekta dogo la mwaka gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina ekari nne hapa Njombe. Mbili nalima viazi mviringo, zilizobaki ni parachichi changa na mboga katikati ya mistari. Trekta kubwa la kukodi linanichosha: linachelewa, linakanyaga mizizi, na kati ya mistari halipiti. Nimeonyeshwa madogo matatu ya mtumba. La kwanza ni Kubota B7100, kwenye injini kumeandikwa D750, na mwenye nalo anasema ni la mwanzoni mwa miaka ya 1980. La pili lina injini ya D902, mita inasoma saa 1,140. La tatu shemeji yangu amelipata Marekani anakoishi: ni la mwaka 2016, hp 33, lina mtungi mkubwa kwenye ekzosi. Likifika hapa litakuwa limenigharimu karibu mara mbili ya lile la kwanza. Mume wangu anataka la 2016 kwa kuwa ndilo jipya. Kaka yangu anasema chuma cha zamani ndicho chuma. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Marahaba, mwanangu. La Marekani liache. La D902 nenda ukalikague, na usitoe hata senti kabla hujaliona likiwashwa likiwa la baridi. Lile la zamani usilifute kwenye orodha. Ukaguzi ukikataa la pili, urudi kwake.

Mumeo na kaka yako wote wanabishania umri. Mwaka wa trekta unakwambia jambo moja tu, nalo ni kwamba kufikia hapo watengenezaji walikuwa wameshabadilisha nini. Kwenye dizeli ndogo za Kijapani mabadiliko hayo ni machache kuliko wauzaji wanavyotaka uamini, ila moja kati yake ni zito sana kwa mkulima wa huku kwetu. Nitalifikia.

Anza na kibati cha injini. Kwa Kubota, herufi Z ni silinda mbili, D ni tatu, V ni nne, na namba inayofuata inakaribia ukubwa wa injini kwa cc. D750 ina silinda za kipenyo cha milimita 68, pistoni inapanda na kushuka milimita 70, jumla cc 762. Baadaye wakatoa D850 na D950. Mwendo wa pistoni waliuacha palepale kwenye 70, wakapanua silinda tu hadi 72, kisha 75. Kwa macho zinafanana mno. Ndiyo maana ukienda dukani ukasema "naomba ringi za Kubota ya silinda tatu" unaweza kurudi nyumbani na ringi ambazo hazihusiki kabisa. D902 ni ya ukoo uliofuata: kipenyo 72, mwendo 73.6, cc 898. Ina mdogo wake D722, kipenyo 67 na mwendo 68, cc 719.

Sasa hp, maana hapo ndipo watu wanapopotezwa. B7100 ni trekta la hp 16. D902 kwenye karatasi za kiwandani inafika kilowati 18.5, yaani karibu hp 25. Tofauti ya hp tisa! Lakini soma na mizunguko iliyoandikwa pembeni: hizo 25 zinapatikana injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika. Chukua simu ufanye hesabu hii: hp zidisha kwa 7,120, gawanya kwa mizunguko. Unapata nguvu ya kuzungusha kwa nyutoni-mita, ile mafundi wanayoiita toki. D902 inakupa kama 49. Injini ya hp 16 iliyopangwa kwa mizunguko 2,800 inakupa kama 41.

Kwa nini nakusumbua na hesabu? Kwa sababu hakuna dereva ninayemjua anayelima siku nzima kwenye 3,600. Kelele inamchosha na mafuta yanakwisha, kwa hiyo anashusha mpaka 2,400 hivi. Kwenye 2,400 ile D902 inatoa takriban hp 16 au 17, na ile ya zamani inatoa 13 au 14. Zile tisa zimebaki tatu. Tatu bado ni tatu, na kwa plau moja kwenye udongo wenu utaziona, ila usizilipie bei ya tisa. Halafu Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo zote mbili kwako zitakuwa zimepungua kwa karibu moja ya tano. Na soma kibati cha trekta lenyewe pia, maana injini ileile hupangiwa mizunguko tofauti kwenye matrekta tofauti.

Katika namna ya kuchoma mafuta, hizo mbili ni ndugu. Zote zinanyunyizia dizeli kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, hewa inazunguka mle kwa kasi, moto unaanzia hapo ndipo unashuka kwenye pistoni. Pampu ni ya chuma tupu, haina kompyuta. Kwenye ukoo wa D722 na D902 nozeli inafunguka kwa mgandamizo wa kilo 140 tu kwa sentimita ya mraba. Nozeli ya aina hiyo inavumilia mambo mengi, fundi yeyote mwenye mashine ya kupimia ataipima na kuirekebisha, na ikifa unabadilisha ncha. Gharama ya ustahimilivu huo ni asubuhi za Juni na Julai huko kwenu: bila hita plagi nzima (zile plagi za kupasha moto chumba hicho kabla ya kuwasha), haiwaki.

Tuje kwa la shemeji. Marekani walipoanza kubana moshi wa mitambo ya mashambani walichora mstari kwenye kilowati 19, yaani kama hp 25. Injini zilizo chini ya mstari ziliachiwa masharti mepesi. Zile za kilowati 19 hadi 37, kuanzia mwaka 2013, ziliwekewa kikomo cha masizi cha gramu 0.03 kwa kilowati-saa, na kufika hapo watengenezaji wengi waliweka chujio la masizi kwenye ekzosi. Huo ndio mtungi uliouona. D902 yenyewe imeishia kwenye 18.5, chini kidogo tu ya mstari.

Chujio hilo linakusanya masizi, kisha kompyuta inaongeza joto la ekzosi ili kuyachoma. Linataka dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na oili maalumu yenye majivu kidogo. Kiwango walichokubaliana nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2015 ni sehemu 50 kwa milioni, tena hicho ni cha kwenye tangi la kituo cha mafuta. Cha kwenye kidumu unacholetewa shambani na bodaboda sitakisemea. Chujio likiziba, kompyuta inapunguza nguvu ya injini yenyewe. Hapo unahitaji kifaa cha kusomea kompyuta ya kampuni ile, sensa za kuagiza nje, na fundi aliyefundishwa kazi hiyo. Atatokea mtu atakwambia "tunalitoa tu, mama". Akilitoa, kompyuta italitafuta, na isipolipata trekta litatambaa.

Naiheshimu kazi ya chujio lile. Masizi ya dizeli yanaua watu mapafu, na siku dizeli safi na mafundi wake watakapofika Njombe nitakuwa wa kwanza kukwambia ununue. Leo hii utakuwa umenunua trekta la kupaki.

Sasa ukaguzi wa D902. Mwambie muuzaji utafika saa moja asubuhi, halafu fika saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya salamu ndefu weka kiganja kwenye silinda hedi. Ikiwa ya moto, imeshawashwa kabla hujafika. Agana nao, rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta utazame maji: utando wa oili juu ya maji unamaanisha gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Chomoa kijiti cha oili, paka tone kwenye karatasi nyeupe. Weusi si tatizo, dizeli zote huchafua oili. Unachoogopa ni rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili.

Washa. Moshi mweupe wa sekunde chache kwenye baridi yenu ni halali. Usipokoma injini ikishapata moto, na unachoma macho, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) imeshuka au nozeli inamwaga. Wa bluu ni oili inayoungua. Acha ipate moto sawasawa, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inazunguka, ukigeuze juu chini na kukilaza pale pale kwenye tundu. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirukaruka na kuanguka, huku moshi unatoka kwa mapigo, ringi zimekwisha na moto wa silinda unashuka kwenye oili. Hapo bei ibadilike au uondoke.

Ukiweza, nenda na fundi mwenye geji ya kompresheni ya dizeli (ya petroli itapasuka). Kitabu cha mafundi cha ukoo huo wa Kubota kinataka kilo 29 hadi 33 kwa sentimita ya mraba kwa injini mpya, na kikomo cha chini ni 23. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Zikisoma 28, 28 na 27, umepata injini. Zikisoma 30, 29 na 22, umepata kazi.

Na ile mita ya saa 1,140 usiiamini mpaka uangalie pedali ya klachi. Raba ya pedali ikiwa imelika mpaka chuma kinang'aa, na pini za tairi za mbele zinacheza ukizitikisa kwa mkono, basi hiyo mita imebadilishwa au ilikufa zamani. Saa elfu moja hazimalizi raba ya pedali.

Kitu cha mwisho kinachoniegemeza upande wa D902 ni spea. Injini hiyo imefungwa kwenye jenereta, mashine za kukatia nyasi na vigari vya shambani, kwa hiyo gasketi na ringi zake zinatafutika. D750 ni chuma kizuri kweli, kaka yako hakosei, lakini kabla ya kulinunua piga simu kwenye maduka ya spea ya Makambako, Mbeya na Dar, uulize vitu vitatu: gasketi ya hedi, ringi za milimita 68, na pampu ya maji. Ukivipata vyote, na bei ikakuachia fedha ya kufungua injini mara moja, litakulimia.

SWALI: Fundi, hujambo? Niko Mwea, nalima mpunga. Nina pawatila (trekta la magurudumu mawili) ya injini ya Kichina ya silinda moja, S195, hp 12. Jirani amenunua trekta dogo la mtumba la hp 20 na kwenye matope mashine yangu inamshinda. Naambiwa yake ni ya miaka ya 2000 na yangu ni teknolojia ya kizamani. Nibadilishe au nikae nayo?
*Msomaji, Mwea*

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Kaa nayo.

S195 ina silinda ya milimita 95 na pistoni inasafiri 115, cc 815 ndani ya silinda moja, na hp zake 12 inazitoa kwenye mizunguko 2,000. Tumia hesabu niliyompa msomaji wa Njombe: toki inafika karibu 43. Kama injini ya jirani ni ile D722, au nyingine inayotoa hp 20 kwenye 3,600, toki yake ni kama 40. Akiiendesha kwenye 2,000, kwa kuogopa kelele au kubana mafuta, anapata hp 11. Wewe unapata 12 zako zote, tena juu ya gurudumu zito la injini linaloendelea kuzunguka unapokutana na sehemu ngumu. Ongeza na uzito: trekta lake linazama, pawatila yako yenye magurudumu ya chuma inatembea.

Mwambie jirani, kwa wema, akiwa anatumia rotaveta apandishe mizunguko mpaka pale PTO (shafti ya trekta inayozungusha zana) inapofika 540, kama kibati kinavyosema. Trekta lake litakuwa trekta jingine. Watu huogopa 3,600 wakidhani inamaliza injini, lakini pistoni yake ina safari fupi. Kwa wastani inakwenda mita 8.2 kwa sekunde, na ya kwako kwenye 2,000 inakwenda 7.7. Hazijaachana sana.

Hiyo ya "teknolojia ya kizamani" isikunyime usingizi. Mwaka 1933 Yamaoka Magokichi, mwanzilishi wa Yanmar, alitoa injini ya HB, dizeli ndogo ya kwanza duniani iliyofaa kwa kazi za kila siku, na mawazo mengi ya pawatila za leo yanatoka huko. Kitu kimoja tu: injini yako inapozwa na maji yanayochemka na kupungua. Dereva akisahau kuongeza maji mchana mmoja wa Februari, umepoteza pistoni. Mpe jeri la maji abebe kila anapokwenda shambani.

SWALI: Niko Mombasa. Muuzaji ananiambia trekta la Yanmar ni "modeli ya 2008" na kunionyesha karatasi za bandarini za mwaka huo. Mwenzangu anasema ni la miaka ya 1980. Nitajuaje?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Karatasi za bandarini zinakwambia lilishuka melini lini, basi. Matrekta mengi ya mtumba kutoka Japani hayana mwaka ulioandikwa popote. Piga picha namba ya chesisi na namba ya injini, zote mbili, uzipeleke kwa wakala wa kampuni. Kwa mpangilio wa namba hizo atakupa kipindi. Tazama na misumari ya kibati: ikiwa mipya inang'aa juu ya chuma kilichochakaa, kibati hicho kimetoka kwingine.

Ukishajua kuwa ni la 1983, usilikimbie kwa sababu hiyo tu. Punguza bei, kisha ulikague kama nilivyoeleza juu.

SWALI: Shikamoo fundi. Asubuhi za baridi trekta langu dogo la silinda tatu haliwaki. Kijana wangu anapulizia ile dawa ya kopo kwenye chujio la hewa na linawaka mara moja. Kuna ubaya?
*Msomaji, Sumbawanga*

JIBU: Marahaba. Upo, mwambie aache leo. Dawa ile ni etha, inawaka mapema mno pistoni ikiwa bado inapanda, na hita plagi zikiwa na moto inaweza kulipuka hata kabla ya hapo. Kinachovunjika ni ringi na kingo za pistoni zinazozishika, na utadhani ni uzee wa injini.

Kagua hita plagi. Ondoa bati linaloziunganisha, pima kila moja kwa mita, mguu mmoja kwenye ncha ya plagi na mwingine kwenye hedi. Nzima inasoma karibu ohmu 1. Iliyokufa haisomi kitu. Ukikuta moja imekufa badilisha zote tatu, kisha safisha na kaza waya wa chini wa betri kabla ya kuwasha.